Siku Kongwe Alipomiminwa Ndani ya Mgeni

Mji ule haukuwa na jina. Jina lilikuwapo, tena zuri, la silabi nne, ila liliandikwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa panakufa.

Palikuwa ndani ya diski. Diski ya zamani, ya chuma, ya zile zinazozunguka, iliyokaa ndani ya kompyuta moja, iliyokaa ndani ya chumba kimoja, kilichokaa katikati ya mji, na mji wenyewe ulikaa wapi hakuna aliyejua, maana hilo nalo liliandikwa humo humo. Watu waliiita diski hiyo Kongwe, wakamheshimu kama bibi wa ukoo. Ndani ya Kongwe kila mtu alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulianza kwa maswali matatu: wewe nani, mtoto wa nani, mtani wako nani. Chini ya hayo yalifuata mengine yote, harufu ya nyumba uliyozaliwa, wimbo wa kwanza uliokosea, ndizi usiyoipenda. Kongwe alizunguka, na kwa kuzunguka kwake watu walikumbuka. Wakati nao ulifuata mzunguko huo. Kongwe akikwama, jua lilikwama. Kongwe akirudia mstari, asubuhi ilirudiwa, na uji uliokwisha kunywewa ulirudi bakulini ukifuka moshi, na mtu akalazimika kuunywa tena huku ameshiba. Kuna watu walinenepa kwa namna hiyo, na hawakuwa walafi.

Sheria ya mji ilikuwa fupi: kitu kimoja, mara moja. Aliyeiweka ni mtawala, Bwana Asili, mtu asiyetaka chochote duniani kiwe na mwenzake. Vioo alivifukia. Bonde lenye mwangwi alilijaza magunia ya pamba. Mapacha aliwapangia zamu za kuishi, mmoja Jumatatu, mwenzake Jumanne, na walipofika siku ya saba wakabaki wanabishana mlangoni nani aamke. Yeye mwenyewe hakutoka nje ila saa sita mchana kamili, jua likiwa utosini, ili kivuli kisipate nafasi ya kumwiga. Na katika ukurasa wa kwanza wa Kongwe, mbele ya watu wote, mbele hata ya jina la mji, aliandikisha: Mimi ndimi Asili, wengine mnanifuata. Kompyuta ilipowashwa, maneno hayo ndiyo yaliyotokea kwanza, na bila hayo hakuna ukurasa uliofunguka.

Basi mtu anayehusika na kisa hiki ni Mzee Mwinjaka, mtunza chumba cha Kongwe. Zamani alikuwa mpiga kengele, akastaafu, akajifundisha kompyuta mwenyewe kutoka kitabu ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufungiwa karanga. Kwa hiyo kila jambo alilijua kuanzia katikati. Aliweza kufungua mashine na kuifunga, kubadili feni, kusikiliza ugonjwa wa diski kwa kuweka mpini wa mwiko sikioni na kichwa cha mwiko juu ya chuma. Jambo ambalo hakulijua ni lile ambalo vitabu husema mwanzoni, kwa kuamini kwamba kila mtu ameshalijua.

Asubuhi moja alikuwa amekaa barazani na chai yake, akapita Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa mtani wake. Watu wa Kisimani na watu wa Chokaani walikuwa watani tangu mji haujajengwa, na kwa miaka arobaini wawili hao hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wengine. Siku za kawaida yeye husimama pale, mkono kiunoni, akasema, "Hujafa tu? Na mimi kanga ya msiba nimeshaikunja." Naye humjibu, "Nakungoja wewe utangulie ukanitandikie." Kisha lazima litajwe suala la kuku. Bi Kidawa alishikilia kwamba mwaka wa mafuriko Mwinjaka alimwibia kuku, jike, mweusi, mwenye kishungi. Mwinjaka alikana. Kwa miaka arobaini aliendelea kukana, kila asubuhi, kama mtu anavyopiga mswaki.

Asubuhi hiyo Bi Kidawa alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Kikombe kikamponyoka Mwinjaka. Kidawa alimzidi miaka miwili.

"Umesemaje?"

"Nimekuamkia, mzee wangu. Umeamkaje?"

"Kidawa, ni mimi. Mwinjaka. Wa Kisimani."

"Nafurahi kukufahamu."

"Mimi ndiye niliyekuibia kuku," alisema, na hakuamini kinywa chake mwenyewe. "Yule mweusi. Mwenye kishungi. Nilimla."

Bi Kidawa alimtazama kwa huruma. "Sidhani, mzee. Wewe unaonekana mtu mwema."

Hapo Mwinjaka akainuka. Mtu anaweza kutukanwa na dunia nzima akaenda zake, lakini akiitwa mtu mwema na mtani wake, ajue kuna mahali jengo limeshabomoka. Aliacha vigae vya kikombe pale pale, akakimbilia chumbani kwa Kongwe, kwa mbio ambazo mpiga kengele mstaafu hana ruhusa ya kuwa nazo. Akaweka mwiko sikioni.

Tak. Tak. Tak. Kimya. Tak.

Aliijua sauti hiyo. Kile kichwa chembamba kinachosoma, kama sindano ya santuri, kilikuwa kinakwenda kutafuta mstari, hakiuoni, kinagonga ukingo, kinarudi. Kurasa za watu zilikuwa zimeanza kufutika, na ukurasa wa Kidawa ulikuwa mmoja wao. Kesho Kongwe hatakuwapo. Pengine hata kesho yenyewe haitakuwapo, maana ingetoka wapi?

Na saa sita Bwana Asili alikuwa anakuja. Alikwisha kutangaza: amesikia Kongwe anakohoa, basi atamchukua, amfungie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli saba, asiguswe tena na mtu. Hivyo ndivyo alivyoelewa kuhifadhi kitu. Lakini diski isiyozunguka haimkumbuki mtu. Mji mzima ungelala ndani ya sanduku, ukiwa salama kabisa, na haupo.

Mzee Mwinjaka akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akamtoa Mgeni.

Mgeni alikuwa diski mpya, ya namna isiyozunguka. Mwepesi kama biskuti, mweusi, mtulivu, hana kichwa wala sindano wala sauti. Mwinjaka alimpata kwa msafiri mmoja aliyekuja kwa ile barabara inayoonekana mvua ikinyesha tu. Alimlipa jozi ya viatu na hadithi tatu, mbili za uongo. Pamoja na Mgeni, msafiri alimpa kijisanduku chenye midomo miwili, kila mdomo unameza diski moja, na kitufe kimoja katikati. Weka diski mbili, bonyeza, na vyote vilivyomo ndani ya moja vitamiminwa ndani ya nyingine, neno kwa neno, doa kwa doa. Kwa miezi minane Mwinjaka alimficha Mgeni kifuani. Adhabu ya kuwa na nakala ya akiba ilikuwa kufanywa mtu ambaye hajawahi kuwapo.

"Mzee, kuna kazi nikusaidie?" Bi Kidawa alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni kwa adabu iliyomchoma Mwinjaka moyoni.

"Chukua kipepeo," alisema. "Kaa hapa. Mpepee huyu bibi asipate joto."

Hakuzima kompyuta, maana Kongwe hakupaswa kuacha kuzunguka; akalegeza skrubu nne kwa bisibisi, akamtoa Kongwe kama anayemtoa mtoto kwenye nguo ya kubebea. Akamlaza juu ya kifuniko kikavu cha mtungi wa maji, ubaridi wa udongo umpande polepole. Akavuta waya wa kompyuta hadi kwenye kijisanduku. Kisha akafika kwenye midomo miwili, wa kwanza na wa pili, akajiuliza nani akae wapi.

Katika mji ule mgeni ndiye aliyetangulia. Kwenye mkeka, kwenye sinia, kisimani, hata kwenye foleni ya kunyolewa, mgeni kwanza. Mwenyeji aliyetangulia kukaa kabla ya mgeni aliimbwa kwa dhihaka mwaka mzima. Mkono wa Mwinjaka haukusita hata kidogo: Mgeni akaketishwa kwenye mdomo wa kwanza, Kongwe akafuata kwenye wa pili.

Bi Kidawa aliona. Baadaye alikiri kwamba aliona, na kwamba kitu fulani ndani yake kilitaka kusema. Lakini yule aliyekuwa amebaki ndani yake asubuhi hiyo alikuwa na heshima, na watu wenye heshima hawamwambii mzee wa watu kwamba anakosea. Akaendelea kupepea.

Mwinjaka akabonyeza.

Mdomo wa kwanza ulikuwa mdomo wa anayetoa. Wa pili ulikuwa wa anayepokea. Hilo liliandikwa ukurasa wa tatu wa kile kitabu, na ukurasa wa tatu ulifungia karanga zamani za kale. Kwa hiyo yaliyokuwa ndani ya Mgeni, yaani utupu, utupu safi usiokuwa na hata vumbi, yakaanza kumiminwa ndani ya Kongwe.

Ni vigumu kueleza utupu unavyoingia. Hauumizi. Ni kama mtu aliye mbali sana anayeweka kidole mdomoni: nyamaza. Nje, mbao zote za matangazo zilizokuwa na jina la Bwana Asili zikabaki mbao. Mhuri wake ukapotea kwenye milango. Mlinzi wa lango akajikuta ameshika mkuki, asijue anamlinda nani, akauegemeza ukutani akaenda kununua muhogo wa kuchoma.

Kilichomwokoa Mwinjaka ni mwiko. Alikuwa ameuweka tena sikioni, na sikio la mpiga kengele halistaafu. Diski inaposomwa hukwaruza. Inapoandikwa humeza. Kongwe alikuwa anameza.

Akachomoa waya.

Akageukia kompyuta. Skrini ikaandika: Ukurasa wa kwanza haupo.

"Nimewaua," alisema. "Kidawa, nimewaua wote kwa sababu ya adabu."

"Usijali, mzee," alisema Bi Kidawa. "Kila mtu hukosea."

Hakuna kitu alichowahi kuambiwa kilichomkera kama hicho. Ni kero hiyo iliyomwamsha. Alikaa chini, akashika kichwa, akafikiri kuanzia katikati, kama alivyozoea, halafu akafikiri kuelekea mwisho. Na mwishoni akakumbuka. Makarani wa kale waliomwandika Kongwe hawakumwamini mtu yeyote, hata wao wenyewe, na kwa hiyo waliandika orodha ya kurasa mara mbili: moja mbele, ambayo kila mtu aliiona, na ya pili nyuma kabisa, baada ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo wavivu hawafiki. Ile ya nyuma ilianzwa kabla Bwana Asili hajazaliwa, na kila aliyejibu yale maswali matatu aliingia humo bila kujua. Alipoitawala nchi aliichafua ya mbele. Ya nyuma hakujua kama ipo.

Mwinjaka akarudisha waya, akaiita kutoka nyuma. Ikaja. Majina yote ya mji, yamepangwa kama watu kwenye mkeka wa duara, hakuna wa mbele. Akaiweka pale palipofutwa. Hakuna mtu mwingine aliyepotea. Utupu ulikuwa umekula ukurasa mmoja tu wa dunia nzima, na ulikuwa ukurasa wa yule aliyesema mnanifuata, ukurasa wa cheo tu, usio na majibu ya yale maswali matatu.

Sasa akabadilisha. Kongwe mdomo wa kwanza, Mgeni wa pili. "Utanisamehe," alimwambia Mgeni, "leo utakula baadaye." Akabonyeza. Kukwaruza.

Asilimia moja. Asilimia mbili.

Wakaanza kupita. Mwinjaka hakuwaona kwa macho, aliwasikia kupitia mpini wa mwiko, mji mzima ukihama kwa miguu mitupu kutoka nyumba inayoungua kwenda nyumba isiyo na harufu. Akapita kinyozi Shomvi na mkasi wake na hofu yake ya paka. Ikapita ndoa iliyovunjika kwa sababu ya chumvi, ikapita ndoa nyingine iliyopona kwa chumvi hiyo hiyo. Ukapita mwaka wa mafuriko, umelowa. Wakapita mapacha, na kwa kuwa ndani ya waya hakuna Jumatatu wala Jumanne, walipita pamoja, wameshikana mikono, kwa mara ya kwanza.

Asilimia arobaini na nane. Hapo nusu ya mji ilikuwa huku na nusu kule, na jua likawa mahali pawili angani, na Mwinjaka akahisi anatazamwa na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, mwenye koti lake, mwiko wake, na sikio lake.

Wewe ni mimi?

Ndiyo. Na wewe?

Mimi ndiye wa mwanzo.

Mwanzo wa nini? Jana ulikuwa nani, kama si nakala ya juzi? Uliamka leo ukajisoma ulivyoandikwa, ukasema huyu ndiye mimi. Hukuuliza usingizi ulikutoa kwenye mdomo upi.

Lakini mmoja wetu lazima awe wa kweli.

Nani amesema lazima?

Mwinjaka akatafuta aliyesema lazima, akampata: ni Bwana Asili, peke yake, na ukurasa wake ulikuwa umeshaliwa. Akacheka. Yule wa upande wa pili naye akacheka, ila hakumwiga. Alichelewa kidogo, kama mtu anayecheka kwa sababu zake. Kisha jua likaungana, na kiti cha upande wa pili kikawa kitupu.

Asilimia sitini na moja. Tak.

Kongwe akakwama. Mwinjaka alijua ni ukurasa gani bila kuangalia. Sindano ilikwenda, haikuona, ikagonga, ikarudi. Na kila iliporudi, wakati ulirudi nayo: kipepeo cha Bi Kidawa kilipanda, kikateremka, kikajikuta juu tena bila kupanda. "Usijali, mzee," alisema Bi Kidawa. Tak. "Usijali, mzee." Tak. "Usijali, mzee." Mara kumi na tisa alimwambia asijali. Mwinjaka alimsogeza Kongwe unywele mmoja kushoto, akamwinua upande mmoja kwa kipande cha kiberiti, akamnong'oneza maneno ambayo hapa hayaandikwi. Mara ya ishirini sindano ikateleza, ikauma, ikakwaruza mstari mrefu usiokatika.

Kipepeo kikasimama.

"We Mwinjaka," ilisema sauti nyuma yake. "Kichwa kama mtungi ulioungua upande mmoja. Nani alikutuma umtangulize mgeni kwenye mashine? Unadhani amekuja kula ubwabwa?"

Mwinjaka hakugeuka. Hakutaka aonekane uso.

"Nasema na wewe. Na nilivyokuwa nakuamkia asubuhi yote hii, ukapokea. Hata haya huna. Mwizi wa kuku."

"Sijaiba kuku," alisema Mwinjaka, na machozi yalimdondokea kwenye kola.

"Umekiri leo barazani."

"Ulikuwa hujanijua. Haihesabiwi."

"Pepea mwenyewe, mimi mkono umeniuma," alisema Bi Kidawa, akaendelea kupepea.

Asilimia tisini na tisa, jua lilipofika utosini, mlango ukafunguka, akaingia Bwana Asili. Nyuma yake mji wote ulikuwa umejazana uani. Alikuwa mrefu, amevaa joho jeupe, na chini ya miguu yake hapakuwa na kivuli hata cha ukubwa wa kisahani. Aliona meza. Aliona diski mbili.

"Ziko mbili," alisema polepole, kama mtu anayetamka neno la lugha ya kigeni.

"Ziko mbili, Bwana," alisema Mwinjaka.

"Ipi ni ya kweli?"

Kabla hajajibiwa, Kongwe alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, ndefu, ya kushuka, kama kengele inayotulia baada ya sala. Akazunguka polepole. Akazunguka kwa kukumbuka tu. Akasimama.

Mji mzima ukabana pumzi. Wanawake uani walishikana mikono. Shomvi alijigusa pua kuona kama bado ipo. Walingoja kufutika.

Hawakufutika. Mgeni hakutoa sauti, hakutetemeka, lakini majina yalisimama kwenye skrini, mamia kwa mamia, na kila aliyesoma la kwake alihisi pumzi ikimrudia kifuani.

Ila moja halikuwapo. Mtunza chumba, siku alipojiandika, alijiandika mwisho kabisa, kwenye ukingo wa nje, kwa kuona haya kujitanguliza. Kongwe alisimama mstari mmoja kabla ya kumfikia.

Yule mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, ila hakujua ni ya nani. Alikuwa na mwiko. Kwa nini mtu awe na mwiko mahali pasipo na jiko? Akawaangalia watu waliokuwa mlangoni, akawaona wema, akatamani kuwasalimia, akatafuta mtu wa kusalimia kutoka ndani yake, hakumkuta. Koti likabaki limesimama. Mzee yule, huyo, mtu huyo wa pale, akaanza kuwa mahali ambapo hapana mtu.

"Huyu amejiadhibu mwenyewe," alisema Bwana Asili. "Hajawahi kuwapo."

"Sogea," Bi Kidawa alimwambia mtawala, akamsukuma kwa kiwiko, akakaa mbele ya kibodi. Hakuwahi kuandika kwa mashine. Aliandika kwa kidole kimoja, akisema kwa sauti, na uani pote walimsikia.

"Jina: Mwinjaka. Mtoto wa nani: mtoto wa Tausi mfuma kofia, aliyemzaa siku ya mvua, ndiyo maana ana akili ya bata. Mtani wake: Kidawa. Anakoroma. Anakunywa chai na sukari nne halafu anasema ni mbili. Alipiga kengele miaka thelathini, na alipotakiwa kupiga ya mazishi ya mume wangu alipiga mara moja zaidi, akadhani sikuhesabu. Nilihesabu. Kusoma alianzia katikati. Anaogopa ngazi. Mwaka wa mafuriko aliiba kuku wangu, jike, mweusi, mwenye kishungi, akampika kwa nazi, akamla na mifupa."

Akabonyeza.

Yule mzee akahisi mvua ya zamani mgongoni. Kisha kamba ya kengele viganjani, kisha sukari, nne, si mbili. Mzee. Mzee Mwin. Mzee Mwinjaka akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mifupa sikula."

Uani walilipuka kwa kicheko. Bi Kidawa alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni vumbi la mashine.

Sasa Mwinjaka akamwingiza Mgeni ndani ya kompyuta, nayo ikawaka upya mara moja, kabla hata mtu hajakohoa, na kwa kuwa ukurasa wa kwanza haukuwapo tena, haikusema mnanifuata. Iliuliza. Iliuliza yule aliyekuwa karibu nayo, kama ambavyo ingemwuliza yeyote: Wewe nani?

"Mimi ndimi Asili," alisema Bwana Asili.

Mtoto wa nani?

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Aliangalia dari, akaangalia watu. Wazee wenye umri wa kukumbuka walikumbuka. "Wa Hanzuruni," Bwana Asili alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mkaanga vitumbua."

Mtani wako nani?

Hapo akakwama kama sindano. Aliyesema yeye ni mmoja tu duniani, nani angemtania? Alisimama mbele ya swali hilo, na jua nalo lilisimama utosini, likimngoja.

"Andika Kidawa," alisema Bi Kidawa. "Nina nafasi."

"Mimi?" alisema Bwana Asili.

"Wewe. Na nianze leo, maana una deni la miaka. Kitu kimoja, mara moja, siyo? Basi mbona una viatu viwili?"

Bwana Asili akainama akaangalia miguu yake. Aliiangalia kwa muda mrefu sana. Pembe ya mdomo wake ikatetemeka, ikakataa, ikatetemeka tena, na mtu huyo ambaye hakuwahi kuruhusu hata mwangwi alicheka mpaka akashika meza. Jua likasogea. Kutoka chini ya visigino vyake kikatoka kivuli, chembamba, chenye haya, kikajinyoosha sakafuni kama paka aliyefungiwa ndani siku nyingi. Hakukikanyaga. Alikivuka, akatoka nacho uani, wawili.

Alasiri ile vioo vilifukuliwa na wanawake wakagundua ni wazuri kuliko walivyoambiwa. Pamba ilitolewa bondeni, na mtu wa kwanza kupiga kelele alijibiwa, akakaa chini akalia kwa furaha. Mapacha waliamka wote wawili siku ile ile, wakapigana kwa ajili ya shati. Jina la mji lilisomwa kwa sauti, silabi zote nne, na aliyetaka aliliandika mahali pake: kwenye kuta, kwenye vitambaa, kwenye diski nyingine alizoleta yule msafiri mvua iliponyesha. Ya tatu, ya saba, ya arobaini. Hakuna aliyeuliza tena ipi ya kweli.

Mzee Mwinjaka alimfunga Kongwe kwenye kitambaa cheupe, akamweka rafuni, mahali pa heshima. Kisha, kwa mazoea, akaweka mwiko juu ya Mgeni, na sikio kwenye mpini. Hakusikia kitu. Mji mzima ulikuwa humo, na haukutoa hata sauti ya sisimizi. Alikaa hivyo, akiwa amefumba macho, na taratibu kutoka kwenye kimya hicho kilimjia kitu ambacho angeapa hakikuwapo ndani yake jana: ladha ya kuku, jike, aliyepikwa kwa nazi nzito, na ukali kidogo wa ndimu.

"Unatabasamu nini?" aliuliza Bi Kidawa mlangoni.

"Hamna kitu," alisema Mwinjaka, akajilamba midomo. "Alikuwa mtamu."